Bolti nne na silikoni tabaka tatu: kisa cha kempa iliyovuja Tanga

Maji yalikuwa yakitokea miguuni pa kitanda, upande wa kulia, kila inyeshapo mvua ya maana. Hayakudondoka kutoka juu. Godoro lililowana kwa chini, na ukibonyeza ubao wa ukutani kidole kinazama. Kempa yenyewe ni ile inayopakiwa juu ya pikapu: sanduku la fremu ya mbao lililovikwa bati la alumini, lenye pua inayopita juu ya kabini, na kitanda kimo ndani ya hiyo pua. Wageni waliokuja nayo kutoka Ulaya walimalizia safari yao Tanga, wakaiuza pamoja na Hilux yake ya kabini moja. Huku tunasema waja leo waondoka leo. Wageni waliondoka kweli, gari likabaki Sahare kwa mzee mmoja mstaafu aliyekuwa fundi mitambo kwenye mashamba ya mkonge.

Mzee huyu zana anazijua. Korona, ile mashine inayochakata mkonge, aliifumua na kuirudisha kwa miaka mingi, na kempa nayo alikuwa akiihudumia kwa mikono yake. Ila kila akiziba, masika ikirudi inavuja. Aliponiita alikuwa na swali moja: silikoni gani inadumu?

Jibu lilikuwa paani. Kulikuwa na silikoni nyeupe chini, juu yake ya rangi ya maji, juu kabisa nyeusi, na zote tatu zimebanduka ukingoni ukiweza kuzivuta kwa kucha. Tatizo la kwanza linajulikana kwa yeyote aliyewahi kuziba bati: silikoni mpya haishiki juu ya silikoni kuukuu. Lakini hata ile ya chini kabisa, iliyopakwa juu ya alumini tupu, ilikuwa imechanika katikati, si kubanduka tu. Kitu kinachochanika katikati kimevutwa. Nikaacha habari ya silikoni, nikamuuliza mzee alibadilisha nini kabla kempa haijaanza kuvuja.

Paani hakugusa kitu, alisema. Alichofanya ni kuifunga vizuri tu. Wageni walikuwa wameifunga kwa vikazio vinne vyembamba vya kuzungusha, vile vyenye uzi wa kulia upande mmoja na wa kushoto upande wa pili, navyo vilikuwa vimeliwa na kutu ya bahari. Akavitupa. Akatoboa sakafu ya kempa na ya bodi ya pikapu, akapitisha bolti nne za milimita 12 na washa nene. Kisha, kwa kuwa pua ilikuwa ikinesa barabarani, akaweka kipande cha mbao chenye mpira juu ya paa la kabini ili pua ipate pa kuegemea.

"Mwanangu, kitu kinachotikisika ndicho kinachovunjika," alinieleza. "Korona usipoifunga kwenye zege, inatembea yenyewe mpaka mlangoni."

Kwa korona, ana haki kabisa. Zege halijipindi. Pikapu inajipinda, tena imetengenezwa ijipinde. Chesisi yake ni mihimili miwili mirefu iliyoungwa kwa vyuma vya kukatiza kama ngazi, na gurudumu moja likiingia shimoni mihimili hiyo inapishana kidogo. Ndiyo maana kiwandani waliiacha kabini mbali na bodi, na katikati yake pana mwanya. Ukiwa nyuma ya pikapu yenye mzigo kwenye njia ya Muheza kupanda Amani utaona jambo hili bila kuelezwa: kabini inalalia huku, bodi inalalia kule. Sasa pitisha sanduku la mbao juu ya vitu hivyo viwili, ulifunge kwa bolti kwa nyuma na uliegemeze kwenye kabini kwa mbele. Sanduku limekuwa daraja kati ya vipande viwili visivyokwenda pamoja, na kati ya vitatu hivyo lenyewe ndilo dhaifu kuliko vyote.

Mzee hakukubali kwa maneno, na sikutegemea akubali. Tulichukua vipande vya mataruma ya zamani ya reli, tukapandisha gurudumu la mbele kushoto na la nyuma kulia, kama sentimita 20 kila moja. Pua ikalia. Mlango wa nyuma wa kempa ukagoma kufunguka. Hapo mzee akanyamaza kidogo, halafu akasema mlango huo ulikuwa ukimsumbua kila akiegesha mahali pasipo sawa, akadhani mbao zimevimba, akaupiga randa. Mlango uliokwama kwa sababu fremu imekwenda mshazari unapopigwa randa unakuwa mlango mdogo, na fremu inabaki vilevile. Tuliposhusha gari chini ukafunguka, ukiwa na mwanya unaopitisha kidole.

Ilibaki kujua maji yanaingilia wapi hasa, kwa sababu yanakotokea si yanakoingilia. Watu wengi humwagia paa maji kwa mpira na kungoja ndani na tochi; inachosha, na inadanganya, maana maji yanaweza kusafiri ndani ya ukuta kwa saa nzima kabla ya kujitokeza. Njia iliyo bora ni ya kinyume. Tuliziba madirisha na matundu ya hewa kwa utepe, tukaingiza upepo ndani kwa bulowa, mmoja akapita nje na brashi na maji ya sabuni. Penye tundu, povu linachemka. Kona ya juu ya pua upande wa kulia lilichemka kwa nguvu. Likachemka pia kwenye kifuniko cha paa, na kwenye matundu ya skrubu za ule ukanda wa alumini unaofunika maungio: mtu fulani zamani alitumia skrubu za chuma cha kawaida, na chuma, alumini na hewa ya chumvi vikikutana, alumini inaliwa kuzunguka skrubu mpaka inabaki imening'inia. Ua wa mzee umeinuka kuelekea getini naye huegesha pua ikitazama juu. Maji yaliyoingia konani mbele yalikuwa yakirudi nyuma ndani ya ukuta, kati ya bati na tabaka la povu gumu, yakaja kutokea miguuni pa kitanda.

Ilikuwa msimu wa kaskazi, jua kali na mvua hakuna, lakini masika haikuwa mbali. Mzee alitaka tuanze na paa. Nilikataa, na hapa ndipo tulipovutana zaidi. Ukiziba paa kwanza wakati kempa ingali imebanwa, umetengeneza tabaka la nne la silikoni kwa jina lingine. Kwanza iachiliwe, halafu mbao, halafu kuziba. Umeme unaweza kungoja.

Kuitoa kwenye gari kulikuwa kazi ya kutia hofu kuliko zote. Miguu yake ya asili ya kuinulia haikuwepo tena. Mzee alichomelea stuli nne za chuma, tukainua kona moja moja kwa jeki, sentimita chache kila mara, tukiweka mbao chini yake kila hatua, hata gari likatoka chini yake polepole. Hakuna mtu aliyeingia chini ya kempa wakati haijakaa kwenye stuli zote nne. Hilo sina mzaha nalo.

Bodi ya pikapu ilikuwa na nyufa kuzunguka matundu mawili ya mbele. Bati lile ni la kubebea mzigo unaolala, si la kuvutwa na bolti. Nyufa zilitobolewa mwishoni ili zisiendelee, zikachomelewa, na viraka vikawekwa chini. Juu ya sakafu tukatandika mpira mnene, ule wa mikanda ya kusafirishia, ambao ndio hasa unaozuia kempa kuteleza. Vikazio kazi yake ni kuizuia isiruke. Mbele ya bodi tukafunga boriti fupi ya mbao ili siku ya breki za ghafla kempa isije ikagonga kabini.

Vikazio vipya vilinunuliwa vinne, vya chuma cha pua, vinene kuliko vya wageni. Vilishikwa kwenye mabano yaliyofungwa kwenye chesisi, siyo kwenye bati la bodi. Lakini chesisi inapojipinda kikazio kigumu kitavuta kona ya kempa, na tatizo litarudi kwa njia nyingine. Kinatakiwa kiwe na kiasi fulani cha kunyumbuka. Vinauzwa vyenye springi ndani yake, ila si dukani Tanga. Mzee akatengeneza: springi za shokapu za bodaboda, kila moja imevalishwa kwenye fimbo ya chuma kati ya sahani mbili, ili kikazio kikivutwa springi ibanwe. Hata ikivunjika springi, sahani zinakutana na kempa haiachiliwi. Kazi hiyo ilikuwa nzuri kuliko ambayo ningeifanya mimi, na nadhani ndipo alipokubali moyoni kwamba kukaza na kubana bila pleyi, yaani bila nafasi ya kucheza, ni vitu viwili. Ile mbao ya juu ya paa la kabini aliitoa mwenyewe. Mwanya kati ya pua na paa sasa ni wa kuingiza ngumi, na hautakiwi kujazwa na kitu chochote.

Mbao. Tulipofungua bati la kona ya pua, fremu ilikuwa unga. Njia rahisi ya kujua uozo umefika wapi ni kuchoma kwa bisibisi nyembamba kila inchi chache mpaka ufike penye ukinzani, kisha uendelee mbele ya hapo, kwa sababu uozo hutangulia kuliko unavyoonekana. Mzee alitaka fremu yote iwe mninga. Nilimkatalia kwa ajili ya uzito: pua inaning'inia mbele, kila kilo unayoiweka pale inatikiswa kwa nguvu kuliko ya katikati. Tulitumia paina iliyotiwa dawa kwa sehemu kubwa, na mtiki kwa zile kona mbili tu zinazobeba. Mtiki kwa Tanga si shida, shamba la Longuza liko Muheza hapo. Una mafuta yake ya asili, kwa hiyo kabla ya gundi lazima pafutwe kwa asetoni, vinginevyo gundi inakaa juu bila kushika. Mahali ambapo mbao mpya inaungana na ya zamani hatukukata mraba na kupiga misumari. Tulikata mshazari mrefu, urefu mara nane ya unene, tukabana kwa gundi ya epoksi. Kiungo cha namna hiyo kinajipinda pamoja na mbao nzima.

Kuhusu ubao wa ukuta, jihadhari na jina. Ukienda duka la vifaa vya ujenzi ukaomba marinibodi utapewa ule ubao wa kahawia au mweusi wenye ngozi inayong'aa, unaotumika kumiminia zege. Wakati mwingine gundi yake ya ndani ni nzuri, wakati mwingine si nzuri, na ile ngozi haishiki rangi wala gundi mpaka uikwangue kwa msasa. Tulichukua vipande vidogo vya maduka matatu tukavichemsha kwenye sufuria ya zamani kuanzia asubuhi hadi mchana. Viwili viliachana tabaka. Cha tatu kilibaki kizima, ndicho tulichonunua, na kingo zote zikanyweshwa epoksi kabla ya kufungwa, maana ubao hunywa maji kwa kingo.

Ndipo tukaziba. Silikoni yote ilitolewa kwa kikwangua cha plastiki na uvumilivu, hakuna mkato. Chini ya ukanda wa alumini tuliweka utepe wa butili, ambao haukauki, unabaki laini na kuminywa skrubu zinapokazwa. Skrubu ni za chuma cha pua, kila moja imechovywa kwenye gundi ili isigusane na alumini moja kwa moja. Ukingoni juu, gundi ya poliyurethani, jamii ya Sikaflex. Nayo inakauka kutoka nje kwenda ndani, kama milimita 3 kwa siku, kwa msaada wa unyevu wa hewa, jambo ambalo Tanga halina upungufu. Fundi mmoja wa majahazi aliyepita kutuangalia alitikisa kichwa kwa kuridhika alipouona ule utepe. Wao kwenye maungio ya mbao hutia kalafati ya pamba, nayo ikilowa inavimba na kujibana. Utepe wa butili hauvimbi, ila unafuata maungio yanapofunguka na kufunga. Tuliwasha bulowa tena. Povu likachemka mahali pamoja tu, pembeni ya kifuniko cha paa, tukapafungua na kupafanya upya.

Umeme ulionekana ni kisa kingine, kumbe ni mtoto wa kisa hikihiki. Friji ya volti 12 ilikuwa ikijizima usiku, mzee akawa ameshanunua betri mpya bila mafanikio. Mita ilionyesha volti 12.4 kwenye betri friji ikifanya kazi, na 10.9 kwenye friji yenyewe. Friji za kompresa hujizima volti zikikaribia 10 au 11, kutegemea ilivyopangwa, na kompresa inapoanza hunyonya zaidi kwa kitambo. Volti 1.5 zimepotelea njiani. Waya ulikuwa wa milimita za mraba 1.5, mita 6 kwenda na mita 6 kurudi. Ukinzani wa shaba ni omu 0.0175 kwa kila mita ya waya wa milimita moja ya mraba: zidisha kwa 12, gawanya kwa 1.5, unapata omu 0.14. Kwa ampea 5 za friji hiyo, hizo ni volti 0.7. Waya umeeleza nusu ya hasara tu.

Nusu ya pili tuliipata kwa kuweka ncha za mita huku na huku ya bolti ya ethi, ile inayorudisha umeme kwenye betri: volti 0.8 juu ya bolti moja. Ilikuwa na vuguvugu ukiigusa. Ilikaa kwenye ukuta uleule uliolowa, na chini ya kichwa chake palikuwa na unga wa kijani na mweupe. Betri mpya ingebadilishwa mara kumi na friji ingeendelea kuzima. Tulipitisha waya wa milimita za mraba 6 kwenda na kurudi, ethi ikarudishwa moja kwa moja kwenye betri, fyuzi ikawekwa hapo karibu kabisa na betri, na hasara ikashuka hadi karibu volti 0.2. Kati ya betri ya injini na ya kempa paliwekwa rilei, ili altaneta ichaji zote mbili wakati gari linatembea lakini friji isilaze injini asubuhi.

Hesabu ya sola ilimshangaza mzee kuliko yote. Kwa joto la Tanga friji hufanya kazi kama nusu ya muda, yaani ampea-saa 60 kwa siku. Betri ya risasi ya 100 haipendi kushushwa chini ya nusu. Paneli moja ya wati 100, kwa saa tano za jua zuri, hurudisha kama 30 tu. Akaongeza ya pili, na zote mbili tumezibandika kwa gundi kwenye vipande vya alumini. Tundu lisilotobolewa paani halivuji.

Gesi sikumruhusu aguse. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama sakafuni, na tundu lake la kutokea chini lilikuwa limezibwa na zulia. Zulia lilikatwa, mabomba akaja kuyaangalia fundi wa gesi.

Masika ilipita godoro likiwa kavu. Kilichobaki ni mlango: ule mwanya wa randa unaingiza vumbi jekundu kila wakienda Pangani, na mzee ameshakata ubao wa mtiki wa kuongeza ukingoni. Vikazio hukazwa upya kwa mkono baada ya kilomita chache za mwanzo za kila safari, kwa sababu mpira wa chini hulala. Halafu kuna uzito. Hilux ya namna hii hubeba takriban tani moja, watu na maji wakiwemo, na tenki la lita 60 likijaa ni kilo 60 papo hapo. Mizani ilipoonyesha ekseli ya nyuma imezidi, tulifungua masanduku tukakuta jiliwa la chuma la karakana, limefungwa nyuma kabisa ya gurudumu. Nimemwomba aliache nyumbani. Amekubali kulisogeza mbele.